Hakionekani, Lakini Tokeni Inaisha

Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilipaa kutoka kwa jukwaa la chuma lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa imebeba setilaiti. Na setilaiti hiyo ikapewa jina la siku yenyewe: Uhuru.

Sio jina la utani la watu wa Coast. Ni jina liko kwenye vitabu vya astronomia dunia nzima. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza kabisa kuundwa kwa kazi moja: kutafuta eksirei angani. Nimesoma shule za hii Kenya kutoka nasari hadi mwaka wa pili wa chuo, na kozi ilikuwa fizikia, na sikuwahi kuisikia darasani hata siku moja. Nilikuja kuisoma kwa simu, nikiwa nimeshatoka chuo, bando imebaki MB 40.

Sasa, tusidanganyane. Hii posti sio ya kupiga kifua ati Kenya ilitengeneza setilaiti. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, linaitwa San Marco. Roketi na setilaiti zilikuwa za Wamarekani. Sisi tulikuwa na bahari, ikweta, watu waliofanya kazi pale, na tarehe. Lakini kazi iliyoanzia pale inajibu swali ambalo naulizwa karibu kila nikiongea mambo ya anga: buda, kama kitu hakionekani, unajuaje kiko?

Ni swali poa. Nataka kulijibu polepole, juu naona wasee wengi kwa mitandao wanalijibu vibaya, na wengine wanalipwa kulijibu vibaya.

Tuanze na chenye kimejificha.

Karibu kila galaksi kubwa ina shimo jeusi katikati. Yetu inalo pia, linaitwa Sagittarius A*, na lina uzito wa kama majua milioni nne. Hilo letu limetulia, halili sana. Lakini kuna galaksi ambazo shimo lao liko kazini. Gesi inaanguka kuelekea ndani, inazunguka kwa kasi kama maji kwenye sinki, inasuguana, inapata moto vibaya sana. Shimo lenyewe halitoi mwanga, lakini hiyo gesi inayozunguka nje yake inaweza kung'aa kushinda nyota zote za hiyo galaksi zikiwekwa pamoja. Wanasayansi wanaita hiyo kiini hai cha galaksi. Juu ya gesi hiyo kuna wingu lingine la moto zaidi, joto lake linafika kama digrii bilioni moja. Linaitwa korona, na hapana, sio ile ya 2020. Hapo ndipo eksirei nyingi zinatoka.

Unaweza kudhani kitu kinachong'aa hivyo hakiwezi kujificha. Kinajificha, tena vizuri.

Ulishawahi kuona shosho akibeba ndoo ya maji kichwani? Kabla ya kuiweka, anachukua leso, anaikunja, anaizungusha iwe duara lenye shimo katikati. Hiyo ni ngata. Sasa fikiria ngata ya gesi na vumbi, kubwa ajabu, imezunguka lile shimo jeusi. Ukiwa juu ya ngata unaangalia chini, unaona katikati bila shida. Ukiwa ubavuni, unaona ngata tu. Kiini ni kile kile. Kilichobadilika ni mahali umesimama.

Kwa miaka mingi wanasayansi walikuwa wanaona aina mbili za hizi galaksi na kuzipa majina tofauti, kama makabila mawili. Halafu mwaka 1985, Robert Antonucci na Joseph Miller wakaangalia galaksi moja inaitwa NGC 1068, ya aina ile ya "iliyofunikwa". Badala ya kuangalia mwanga wa moja kwa moja, walichambua ule uliogonga gesi na kurudi pembeni, vile unaweza kumwona dereva wa matatu kupitia kioo cha pembeni hata kama kiti kimekuziba. Ndani ya mwanga huo wakakuta alama za ile aina nyingine. Makabila mawili yalikuwa familia moja imeangaliwa kutoka pande mbili.

Lakini si kila galaksi ina kioo cha pembeni. Hapo ndipo eksirei zinaingia.

Eksirei unazijua. Umeanguka na nduthi, mkono umevimba, unapelekwa hospitali, unaambiwa weka kiganja hapa usitingishe. Eksirei zinapita nyama na kusimamishwa na mfupa. Wilhelm Röntgen alizigundua mwaka 1895, na picha yake maarufu ya mwaka huo ni ya mkono wa mke wake, mifupa na pete.

Shikilia hicho kiganja. Ile ngata ya gesi, ikiwa nzito kabisa, ina kiasi hiki: chukua kamstari kenye upana wa sentimita moja kwa moja, karibu ukubwa wa ukucha, kutoka kwako hadi kwenye kiini, halafu uhesabu atomi zote njiani. Utapata zaidi ya trilioni moja mara trilioni moja. Inasikika kama ukuta wa gereza. Lakini atomi ni ndogo sana. Ukizipima zote hizo, ni gramu chache tu, sawa na kupita maji ya kina cha sentimita mbili au tatu. Yaani unene wa kiganja chako. Kitu chenye uzito wa mamilioni ya majua kimefichwa na pazia ambalo, kwenye huo mstari mmoja, si zito kuliko mkono wako.

Mwanga wa kawaida hauwezi kupita mkono. Eksirei hafifu pia zinakwama humo njiani. Lakini eksirei kali, za nguvu ya zile za hospitali, nyingi zinapenya. Ni kama jirani ameweka muziki: maneno ya wimbo husikii, lakini besi inatingisha ukuta wako. Kwa sauti, kinachopenya ni ile nzito ya chini. Kwa eksirei ni kinyume, zinazopenya ni zile za nguvu ya juu. Chenye nataka ushike ni kwamba ukuta haufungi kila kitu. Swali ni kama una sikio la kile kinachopita.

Na kuna alama nyingine. Eksirei zikigonga hiyo ngata, atomi za chuma zilizo ndani yake zinapigwa na kutoa eksirei zao wenyewe, za nguvu moja maalum. Ni kama alama ya kidole. Ukiona hiyo alama ni kubwa mno ukilinganisha na mwanga mwingine unaokufikia, unajua kuna kitu kikali kinamulika ngata kutoka ndani, hata kama chenyewe hakikufikii.

Shida ni kwamba eksirei za angani hazifiki chini. Hewa yetu inazimeza zote, na ni bahati, la sivyo hatungekuwa hapa. Kwa hivyo lazima utoke nje ya hewa. Mwaka 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka New Mexico, Marekani. Ilikaa juu ya hewa kama dakika sita tu kabla ya kurudi chini. Ndani ya hizo dakika waliona vitu viwili. Cha kwanza, chanzo kimoja kikali cha eksirei nje ya mfumo wa jua letu. Cha pili ndicho kilichosumbua watu kwa miaka mingi baadaye: anga yote ilikuwa na mng'ao hafifu wa eksirei. Kila upande. Hata mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Miaka minane baadaye ndiyo Uhuru. Dakika sita zikageuka kuwa zaidi ya miaka miwili. Kwa nini Malindi? Juu ikweta inasaidia. Dunia ikizunguka inakupa msukumo wa bure, na setilaiti inayozunguka karibu na ikweta inakwepa sehemu kubwa ya mionzi mibaya inayosumbua mitambo, hasa ile iliyo juu ya Atlantiki Kusini. Aliyesimamia mradi huo NASA alikuwa mwanamke, injinia Marjorie Townsend, wakati ambapo wanawake kwenye hizo ofisi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na kati ya vile ilivyoona kulikuwa na kiini hai cha galaksi ya NGC 4151. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Lakini ule mng'ao wa kila upande ulibaki. Unatoka wapi?

Hapa acha nikuletee mathe.

Mathe ni keateka wa ploti moja Umoja. Vyumba kumi na mbili, mita moja ya stima, kila mtu anachanga tokeni. Kuna mwezi tokeni zilianza kuisha haraka. Watu wakaanza kuangaliana vibaya. Wa chini wanasema ni wa juu, wa juu wanasema ni friji ya mama Brayo. Mathe hakusema kitu. Alitoa daftari. Akaandika kila balbu, kila tivi, ile friji moja, pasi mbili, chaja. Akahesabu zinafaa kula yuniti ngapi kwa siku. Halafu akasoma mita asubuhi na jioni kwa siku kumi na nne.

Kulikuwa na pengo. Lakini kilichonishangaza si pengo, ni vile alilisoma. Aliniambia, "Ona, hii sio balbu. Balbu inakula kidogo kidogo usiku mzima. Hii inaruka saa kumi na moja asubuhi na saa moja jioni. Hiki ni kitu cha kuchemsha."

Nikamuuliza, "Mum, si unaweza kukosea? Labda mita ni mbovu."

"Ndiyo maana jana nilizima kila kitu dakika kumi nikaangalia mita. Ilisimama. Mita ni nzima. Na friji ya mama Brayo nimeipima peke yake." Akafunga daftari. "Kuna koili hapa. Sijaiona, lakini iko."

Ilikuwa chini ya kitanda, chumba cha tisa.

Wasee, hivyo ndivyo kabisa wanasayansi walivyofanya na ule mng'ao. Walichukua viini vyote walivyovijua, vile visivyofunikwa, wakavijumlisha. Hesabu ikakataa. Na haikukataa kwa wingi tu, ilikataa kwa tabia. Mng'ao wa anga una nguvu zaidi kwenye eksirei kali, wakati viini vinavyoonekana vingetoa mchanganyiko ulioegemea zile hafifu. Kama mathe alivyosema: hii sio balbu.

Wengine walisema labda ni gesi moto imejaa kila mahali katikati ya galaksi. Dhana nzuri, lakini inaweza kupimwa. Gesi kama hiyo ingeharibu kidogo ule mwanga wa zamani uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu. Mwaka 1990 setilaiti ya COBE ikaupima huo mwanga na haukuwa umeharibiwa hivyo. Friji ya mama Brayo ikatoka kwa kesi.

Mwaka 1989, Giancarlo Setti na Lodewijk Woltjer walikuwa wameandika wazo lililobaki limesimama: kuna viini vingi vilivyofunikwa. Gesi inameza eksirei zao hafifu na kuachia zile kali. Ukivijumlisha hivyo kwenye hesabu, tabia ya mng'ao inaanza kukubali. Hawakuwa wameviona. Walikuwa wameona bili.

Halafu ikaja kazi ya kwenda mlango kwa mlango. Mwaka 1999 Marekani ilirusha darubini ya eksirei inaitwa Chandra. Iliangalia kipande kimoja kidogo cha anga ya kusini, ikirudi na kurudi kwa miaka mingi, jumla ya muda kama siku 81. Hapo palipoonekana patupu wakapata vyanzo zaidi ya 1,000, vingi vikiwa mashimo meusi yanayokula. Kwa eksirei hafifu, zaidi ya asilimia 80 ya ule mng'ao sasa ina mwenyewe. Haukuwa ukungu. Ulikuwa umati.

Bado zilibaki zile kali, za besi. Mwaka 2012 wakarusha NuSTAR, darubini yenye mlingoti wa mita kumi uliojikunjua ikiwa tayari angani, yenye vioo vinavyoweza kukusanya eksirei kali. Kuna kikundi cha wanasayansi walikuwa na galaksi tisa walizoshuku kwamba kila moja ina kiini kimefichwa. NuSTAR ikazielekea zote tisa. Mwaka 2015 wakatangaza: tano zimejibu. Nne hazikujibu, na wakasema hazikujibu. Kumbuka hiyo, nitairudia.

Ile NGC 1068 ya 1985 pia iliangaliwa. Mwezi Agosti 2014 eksirei zake kali ziliongezeka ghafla, halafu baadaye zikarudi chini. Maelezo ya wanasayansi ni kwamba ngata si laini kama leso, ni mawingu mawingu, na wingu moja lilisogea kidogo, kiini kikachungulia, kikafunikwa tena. Hebu waza hiyo. Tulishika pazia likipepea kwenye galaksi ambayo mwanga wake unachukua mamilioni ya miaka kutufikia.

Na mwisho wa 2024 ulichapishwa utafiti uliounganisha NuSTAR na orodha ya setilaiti ya zamani, IRAS, iliyopima joto la anga mwaka 1983. Mantiki yake ni ya jiko la makaa lililofunikwa na majivu: wekundu huoni, lakini ukisogeza mkono unasikia joto. Ngata inayomulikwa kutoka ndani inapata moto, na joto hilo linatoka nje hata kama mwanga hautoki. Kwa hivyo walichagua galaksi kwa joto, halafu wakazipima kwa eksirei kali. Jibu lao: kama asilimia 35 ya mashimo makubwa yanayokula yamefunikwa kwa gesi nzito kabisa, na wenyewe wanashuku ukweli unaweza kukaribia nusu. Makadirio ya zamani yalikuwa kama asilimia 15.

Sasa unajua data ya NuSTAR ikitoka angani inashukia wapi? Malindi. Kituo cha Waitaliano ambacho ni kaka wa lile jukwaa la San Marco ndicho kinapokea ishara zake, halafu zinatumwa Berkeley, California. Yaani besi kutoka kwa mashimo yaliyojificha mamilioni ya miaka ya nuru kutoka hapa inapitia kwanza Kilifi Kaunti. Watu wako huko wakila viazi karai, na juu yao sahani inapokea hiyo stori.

Nilipojua hii, nilifurahi halafu nikakasirika, kwa dakika hiyo hiyo.

Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Tulihesabu na mathe kwenye daftari lile lile na hesabu ikakataa. Mdogo wangu alikuwa anaingia Form One. Hakuna mtu wa kulaumiwa hapo. Kilichofuata ndicho kilikuwa kigumu. Ukitoka chuo Kenya, watu wanaanza kukuongelesha kama umetoka duniani. Anko yangu mmoja, nikiwa natengeneza video kuhusu mashimo meusi, aliniambia mbele ya wageni, "Hizo ni za wenye digrii. Wewe tafuta kazi ya mkono." Anko ananipenda, na kazi ya mkono naifanya, nakunja matarubali kwa watu wa hema kila wikendi. Lakini sikubali hiyo sentensi ya kwanza. Data ya NuSTAR, baada ya muda wa wenye kuiomba kuisha, inawekwa wazi kwa intaneti. Bure. Hawakuulizi transkripti. Nimeshusha faili moja kwa laptopu ya kuazima, ikachukua usiku mzima, nikaona nukta zenyewe zilizoanguka kwenye kigunduzi. Sikugundua kitu. Nilielewa kitu, na hiyo haihitaji gauni.

Digrii ni muhimu. Ningepata nafasi ningerudi kesho asubuhi. Nakataa tu kwamba kutokuwa nayo kunakutoa kwenye swali.

Sasa nirudi kwa zile nne zilizokataa kujibu.

Sisi watu wa kontenti tunajua kinacholipa. Ukisema "kuna kitu wanakuficha", watu wanasimama. Mwaka jana jamaa mmoja aliniomba nifanye mfululizo wa video, ati mashimo meusi ni uongo, ati picha zote ni za kompyuta, ati NASA hii, NASA ile. Pesa aliyotaja ilikuwa rent ya miezi miwili. Nilimwambia hapana, na sitajifanya haikuniuma. Rent ni rent.

Lakini ona tofauti. Jamaa wa njama na Setti na Woltjer wanaanza na sentensi moja: kuna kitu kimefichwa. Baada ya hapo njia zinaachana. Mtu wa njama, ukimwonyesha hakuna kitu, anasema hiyo ndiyo dalili kimefichwa vizuri. Hakuna siku atasema "hapa nimeangalia na hakuna". Mwanasayansi anakuambia kabla ya kuangalia: kama kiko, utaona hiki, kwa kiwango hiki, upande huu. Halafu anaangalia galaksi tisa. Halafu anakuambia ni tano, sio tisa.

Mathe angeweza kusema mwezi wa kwanza kwamba koili iko kwa mtu fulani ambaye hampendi. Ploti ingemwamini. Badala yake alizima kila kitu dakika kumi kwanza, kuona kama kosa ni la mita yake.

Huo ndio mtihani wangu sasa kwa kila video ninayoona na kila siri ninayoambiwa, iwe ya anga, ya siasa, ya mtu na mtu wake. Ulihesabu vinavyojulikana kwanza? Pengo lina tabia gani? Ni nini kingekufanya useme umekosea? Kama hiyo ya mwisho haina jibu, weka bando yako.

Na kwa wakubwa wanaoandika silabasi, ombi ni dogo. Mwezi Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, na ikabidi ipaiwe California kwa roketi ya SpaceX. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini mtoto aliye Gredi ya Saba anajua Taifa-1 na hajui kwamba roketi zilikuwa zikitoka Ngomeni kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Ukurasa mmoja unatosha. Picha ya jukwaa, tarehe, na swali: kwa nini eksirei hazifiki chini?

Juu kazi haijaisha. Kwenye zile eksirei kali, NuSTAR imeweza kugawa kama theluthi moja tu ya mng'ao kwa wenyewe wanaojulikana. Theluthi mbili bado ni bili bila jina. Tunajua umati uko, tunajua tabia yake, hatujabisha kila mlango. Mtu wa kubisha anaweza kuwa anakaa mahali ambapo, akitoka nje ya darasa, anaiona ile sahani ya Malindi kwa macho yake, na hajaambiwa inasikiliza nini.